Kopo la AA

Juzi, rafiki yangu, tulikuwa tunahama Doonside, hapa hapa Sydney. Baba amepata nyumba upande wa Liverpool, karibu na ghala analofanyia kazi, na gereji nikaachiwa mimi kwa sababu eti ndimi pekee mwenye mgongo mzima katika familia hii. Nyuma ya baiskeli yangu ya zamani, juu ya rafu, nikakuta makopo matatu ya biskuti. Kila kopo lilikuwa limebandikwa plasta nyeupe ya hospitali, zile za mama, na juu ya plasta kulikuwa na mwandiko wa shosho: AA. AB. Mbuni. Nikakaa chini kwenye saruji baridi na kazi ikaishia hapo.

Shosho alikuwa nyanya yangu, mama yake baba, mwanamke wa Murang'a aliyechagua kahawa tangu usichana wake. Alikuja kwetu Januari ya mwaka ule korona ilipoanza, akae miezi mitatu, anione nikiingia sekondari, kisha arudi kwake. Alileta unga wa uji, sweta mbili, na tiketi ya kurudi mwezi wa nne aliyoificha ndani ya Biblia. Mwezi wa nne ulipofika, ndege zilikuwa hazitui tena Nairobi. Na huko Murang'a mume wake, babu yangu tuliyemwita guka, alikuwa ameanza kusumbuliwa na moyo. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, akaambiwa asitoke kitandani. Nakuambia mapema ili ujue tulikuwa tunalia nini mwaka ule: shosho alitaka kumkuta mume wake akiwa hai. Mengine yote, hata hizi risasi, yalizunguka hapo.

Ndiyo, risasi, usishtuke. Guka alikuwa askari magereza wa zamani, mlenga shabaha katika timu ya kazini kwao, na ugonjwa huo wa shabaha alimwambukiza baba. Hapa Sydney baba alijiunga na klabu, akapata leseni, na kila Jumamosi alikuwa akilala kifudifudi juu ya mkeka na kutoboa karatasi iliyo mbali mno kwa macho yangu. Risasi kumi, na kila moja ikiingia katikati ni alama tano. Ukizipata zote ni hamsini. Guka hakuwahi kuifikia hamsini maishani mwake. Aliwahi kupata arobaini na tisa, na alama ile moja iliyopotea alimhadithia kila mtu, hata padri. Baba naye alikuwa hajaifikia. Kila Jumamosi jioni alimpigia guka simu, na guka hakutaka kusikia jumla kwanza. "Nitajie moja moja," alikuwa akisema, na baba akamtajia moja moja, na upepo ulikuwa unatoka wapi.

Alipokuwa kitandani, guka alituambia kwa simu, "Mimi siendi popote kabla sijaisikia hamsini." Sote tukacheka. Shosho hakucheka. Alikuwa ameishi na mtu yule tangu wote wawili wana meno yote, na alijua kwamba akisema neno hulifanya.

Sasa nikueleze kidogo, maana bila hili hutanielewa. Walenga shabaha wengi hujitengenezea risasi wenyewe. Risasi moja ina vipande vinne: ganda la shaba, kifataki cha kuwashia, baruti, na kichwa, yaani kile chenye ncha kinachoruka mpaka kwenye karatasi. Baruti na vifataki vilifungiwa gerejini ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo baba hakuuacha hata akienda kuoga. Vichwa peke yake ni vyuma tu, haviwezi kulipuka, na hivyo ndivyo vilivyoruhusiwa kuingia jikoni.

Vichwa vya mashindano alivyovizoea baba vilitoka ng'ambo, na ng'ambo ilikuwa imefungwa. Dukani vilibaki vya aina mbili: maboksi machache ya bei ya kukukata pumzi, na mifuko ya jumla, vichwa mia tano kwa mfuko, vya bei rahisi, vya watu wa kufanyia mazoezi. Baba aliwaza juma zima, akinywa chai yake amesimama. Mwishowe akaleta mfuko. Alinieleza kwamba kichwa rahisi hakina ubaya wowote kikiwa peke yake, shida ni kwamba hakifanani na mwenzake. Kimoja kizito kidogo, kingine chepesi, kingine ncha imepinda, na tofauti usiyoiona mezani inakuwa upana wa kiganja ikifika kule kwenye karatasi. Lakini ndani ya mia tano, alisema, lazima vimo mia ambavyo ni mapacha. Ni kuvitafuta tu.

Shosho alikuwa kwenye sinki, anaosha maharagwe ya kuchanganya na mahindi kwa githeri. Akafuta mikono.

"Lete hapa. Nyinyi hamjui kuchagua."

Basi jikoni kwetu kukawa kiwanda. Mchana mama alikuwa amelala, kwa maana usiku alifanya zamu kwenye makao ya wazee, kwa hiyo tulifanya kazi kimyakimya kama wezi. Shosho alitandika taulo juu ya trei ya oveni, akamwaga vichwa, akavaa miwani yake yenye kamba. Kwanza alitazama ncha. Halafu alikiviringisha kila kimoja juu ya kioo cha fremu ya picha, na kinachoyumba alikitupa kando. Mimi nilishika mizani ndogo ya umeme na kusoma namba. Usije ukadhani alijua uzito kwa mkono, tusidanganyane, hakuna mkono wa namna hiyo. Alichokuwa nacho ni subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Nje kasuku weupe walipiga kelele juu ya nyaya, treni ikapita tupu kuelekea Parramatta, na jikoni palinuka tangawizi na sabuni, kwa sababu kila baada ya muda alituamuru tunawe mikono.

"This one's lighter," nilikuwa nikimwambia. Siku hizo Kiswahili nilikisikia vizuri lakini kilinigandia mdomoni.

"Sema kwa Kiswahili. Hiki kichwa hakisikii Kizungu."

Kiswahili hiki unachokisoma nilikipata pale, kwenye trei ile. Mama ni Mluhya na baba Mkikuyu, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba, na shosho ndiye aliyenilazimisha kukitoa nje.

Mafungu aliyapa majina ya kahawa. AA ni vile vinavyofanana kabisa, AB ni vya kufaa, na Mbuni ni takataka, jina la ile kahawa ya mwisho inayokaukia mtini. Alinisimulia jinsi wanawake walivyosimama safu mbili kwenye meza za kuanikia, vidole vikikimbia. Karani akikuta punje moja mbovu ndani ya safi, alimwaga wavu mzima wa kahawa chini na kukuambia uanze upya mbele ya wenzako. Shosho alisema hakuwahi kumwagiwa hata siku moja. Alilisema hilo kama mtu mwingine anavyotaja digrii zake.

Na simu zikaendelea. Kila wiki baba alikaa na kompyuta akitafuta kiti cha ndege.

"Imekuwa cancelled tena, mum. Wanasema maybe August."

"August ni ya nani?" shosho aliuliza. "Mwambie mtu wa ndege mzee wangu hana August."

Baba aliinamisha kichwa juu ya kibodi. Akaanza kutafuta upya.

Mwezi wa sita uwanja wa shabaha, uliokuwa umefungwa kwa korona, ukafunguliwa. Ijumaa, siku moja kabla ya baba kwenda, nilitoka bafuni nikasimama mlangoni mwa jikoni. Shosho alikuwa amefungua kopo la AA na kopo la Mbuni. Alikuwa amemwaga vya hili kwenye trei, anachota kiganja kiganja kutoka lile na kutia humu, kisha anachota vya trei na kutia kule. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Nikafikiri macho yamemwisha. Nikafikiri hajui tena lipi ni lipi, mwanamke ambaye hakuwahi kumwagiwa wavu, na ikiwa nitasema, baba atamwaga kila kitu mezani mbele yake. Nikarudi nyuma kwa vidole vya miguu. Sikusema neno.

Jumamosi ile baba alipata arobaini na nne. Iliyofuata arobaini na tano. Iliyofuata, siku isiyo na upepo hata kidogo, arobaini na tatu. Alikaa ndani ya gari nje ya nyumba muda mrefu kabla ya kuingia. Halafu akapiga simu, akataja moja moja. Sauti ya guka ilikuwa imekuwa nyembamba, unasikia anavuta pumzi kati ya maneno.

"Nitangoja," alisema. "Niko hapa hapa."

"Mama," baba alimuuliza shosho siku moja, "macho yako yako sawa?"

"Kuliko yako."

Mimi niliweka kijiko chini. Nilijua kwa nini guka haisikii hamsini yake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kila Jumamosi nilijiambia nitasema leo, kisha namtazama shosho akipanga vichwa vyake na nashindwa. Nilimchagua yeye. Nimebeba jambo hilo mpaka juzi.

Guka alifariki mwezi wa saba, asubuhi ya Alhamisi, majani ya uani yakiwa meupe kwa baridi. Shangazi, dada yake baba aliyekuwa akimuuguza, ndiye aliyepiga simu. Mazishi tuliyatazama jikoni, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la AB. Shosho alivaa koti, kitambaa cha kichwa na viatu vya kanisani, akakaa kwenye kiti cha plastiki akiwa wima. Watu walikuwa wachache, wamesimama mbalimbali, na sikumtambua hata mmoja kwa sababu ya barakoa. Jeneza lilipoanza kushushwa, picha ikaganda. Baba alibonyeza, akabonyeza, akaitikisa simu. Iliporudi walikuwa wanatia udongo.

Shosho hakulia kwanza. Alisema, "Hakuisikia, na bado ameenda." Kisha akapiga yowe mpaka mama akaamka. Yowe lile sina namna ya kukueleza, na sitaki kujaribu.

Ndege zilianza tena baada ya hapo, hebu fikiria. Shosho aliondoka mwezi wa tisa, peke yake, kwa maana baba angetoka asingeruhusiwa kurudi. Kopo la vichwa hakuligusa tena, na baba hakwenda tena uwanjani. Mwaka juzi shosho naye alipumzika, na mteremko mdogo wa Murang'a alikozikwa guka ukawapokea wote wawili, bega kwa bega.

Basi juzi pale gerejini nikaitafuta ile mizani. Betri zilikuwa zimekufa, nikatoa nyingine kwenye rimoti. Nikafungua AA. Cha kwanza kizito, cha pili chepesi, cha tatu ncha imepinda. Nikafungua Mbuni. Cha kwanza kikafanana na mwenzake, na mwenzake, na mwenzake. Nilipima thelathini na namba haikuyumba. Mtu ambaye macho yamemwisha hakosei kwa usafi namna ile. Hakukosea hata kimoja. Alikuwa ameyabadilisha makopo yote mawili kwa makusudi, kiganja kwa kiganja, ili hamsini isipatikane, ili mzee aendelee kungoja mpaka yeye afike nyumbani. Mchaguzi wa kahawa aliyekataa maisha yake yote kuchanganya mbovu na safi.

Nikamwita baba. Nikamwambia yote, na kwamba nilimwona Ijumaa ile nikanyamaza. Nilikuwa nalia kama mtoto. Akakaa juu ya boksi la vyombo.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Mimi hupima mara ya pili kabla ya kujaza, wewe si unajua. Kumi za kwanza tu nikaona shosho wako amefanya nini."

"Na bado ukazipiga?"

"Ningefanya nini? Mzee huwezi kumdanganya, angesikia kwa sauti. Na siwezi kulala pale nikakosa makusudi halafu nimtajie moja moja. Kwa hivyo nililenga. Nililenga vizuri, honestly, sijawahi kulenga vile. Risasi ndizo zilikataa." Akafuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Nikajiambia, mum akitua tu nyumbani, akishika mkono wake, siku hiyo nitafungua Mbuni nimpigie mzee hamsini yake."

"Uliongea naye? Shosho?"

"Tuongee nini? Aliniwekea kopo mezani, nikalichukua."

Nyumba ile sasa ina watu wengine. Trei ya oveni tumeiacha, ilikuwa imeungua. Wale wanawake wa kwenye meza za kahawa sijui kama yuko aliyebaki, na kile Kiswahili cha jikoni, cha kunong'ona mama asiamke, sina tena wa kukiongea naye. Nilimuuliza baba kwa nini hakurudi uwanjani hata mara moja, vichwa vizuri alikuwa navyo, angeweza hata sasa kuitafuta hiyo hamsini. Alikuwa amebeba kopo la Mbuni kifuani, analipeleka kwenye gari mwenyewe.

"Nikiipata," alisema, "nampigia nani simu?"