Ramani ya Mashavuni

Walikuwepo mjomba, mama mdogo, mdogo wangu wa kiume, mdogo wetu wa mwisho ambaye ndiye aliyekuwa anaolewa, na mimi. Tulikaa sebuleni kwangu, Morogoro mjini, Jumapili moja kabla wakwe hawajaleta mahari. Jambo lilikuwa moja tu: nani apokee mkaja, ile sehemu ya mahari anayopewa mama kwa ajili ya kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kujifungua. Mama yetu alifariki mdogo wetu huyu hajaota meno. Mimi niliacha shule darasa la tano, nikamfunga mgongoni kwa kanga ya marehemu, nikawa napanda naye milimani Mgeta kufuata mboga za kuuza. Sikuona la kujadili.

Kumbe lilikuwepo.

"Dada, tusizungukane," mdogo wangu wa kiume alisema bila kunitazama. "Wakwe wakimkuta aliyekaa kiti cha mama kajichubua, watatusemaje?"

"Nani kajichubua?"

Akainuka, akaingia chumbani kwangu bila hodi, akarudi na kopo. Akaliweka mbele ya mjomba kama askari aliyekamata bangi. Lilikuwa kopo la krimu ya kujichubua, lina picha ya mwanamke mweupe pee.

"Hata mimi nimeona siku nyingi, nikanyamaza," mama mdogo akadakia. "Mashavu yana ramani, shingo inabanduka. Utu uzima huu, mwanangu, unamtafuta nani?"

Joto likanipanda kutoka kifuani hadi masikioni, jasho likanichuruzika.

"Mwoneni! Jasho la aibu hilo," mama mdogo akasema.

Aibu! Jasho lile nilikuwa nalo mwaka wa pili sasa. Linanijia nikipanga nyanya, nikiwa msibani, nikioga. Hedhi ilikuwa inapotea miezi mitatu, kisha inarudi kwa fujo. Ngozi ikaanza kukauka na kuwasha, miguu ikawa kama magamba, na mashavuni yakatokea madoa meusi. Nilijua ni uchafu wa sokoni. Nikajisugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia, maji ya moto kabisa, mpaka shingo ikachunika. Muuza vipodozi mmoja aliniita, "Mama, njoo nikutoe madoa, wiki mbili tu." Nikampita. Siku hizi natamani ndugu zangu wangeniona nikimpita.

Nilikwenda zahanati. Muuguzi, binti mdogo tu, aliniamkia shikamoo, akanisikiliza hadi mwisho. Akasema mwili wangu unaelekea kukoma hedhi, vichocheo vinapanda na kushuka, ngozi inapoteza unyevu, na madoa yale yanakolezwa na jua. Niache dodoki. Nioge maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, nijipake mafuta mwili ukiwa bado na unyevunyevu, na sokoni nivae kofia pana. Kisha akauliza, "Mama yako alianza hali hii akiwa na umri gani?"

Mama alikufa hajafika miaka thelathini na tano. Mimi nina arobaini na tano. Nimempita mama yangu umri, na njia hii hakuna aliyewahi kunitangulia ndani ya nyumba yetu nikamwona anavyopita.

Sasa mbele ya watu niliowalea naulizwa namtafuta nani.

"Fungua hilo kopo," nilimwambia mdogo wangu.

"La nini, dada?"

"Fungua. Onja."

"Nionje krimu?"

"Kwako chumvi unaweka wapi? Si kwenye kopo la siagi? Nikija kwako niseme mnatia siagi kwenye maharage? Onja!"

Akafungua. Mjomba akaliwahi, akanusa, akachovya kidole, akakilamba. "Nazi," akasema. "Tena imekamuliwa vizuri. Mmenitoa Mikese kwa ajili ya nazi?"

Kopo nilipewa tupu na jirani mwenye saluni, nikaliosha, nikatia mafuta ya nazi ninayokamua mwenyewe. Mdogo wetu wa mwisho akaangua kicheko, kisha machozi. Mama mdogo akakumbuka kuwa ana chungu jikoni kwake. Mjomba akasema mkaja napokea mimi, na nikaupokea, na mashavu yangu haya haya, sikupaka poda.

Mdogo wangu wa kiume mpaka leo hajaniomba radhi. Ananunua mkate, analeta. Mkate sio radhi.

Ila kuna neno moja linaninyima haki ya kuwakasirikia nitakavyo. Ramani. Neno hilo silo la mama mdogo. Nilipokuwa msichana kule Mgeta, mama mmoja mkulima alinifundisha kupanga nyanya kwenye tenga zisipondeke njiani, na mtoto akilia alimpokea mgongoni kwake. Uso wake ulikuwa na madoa kama yangu. Asubuhi za baridi, sisi midomo inatoa moshi, yeye alijipepea kwa ncha ya kanga. Wasichana tuliosafiri juu ya lori la mboga tulimwita Ramani. Jina hilo nililitunga mimi. Tulisema ni mkorogo wa kujichubua umemharibu, na alitusikia. Aligeuza uso, akaendelea kupanga nyanya zangu.

Yu hai bado, wanaoshusha mboga wananiambia. Nimekamua nazi mbili, nimemjazia kopo jipya, safari hii lisilo na picha. Huu ni mwezi wa tatu liko dirishani. Kila asubuhi nanunua mboga kwenye lori linalotoka kwake, na kila jioni linapanda bila mimi.