Kilio cha Urbain wa Redio

Kwa miaka tisa Urbain Ngoie aliwaeleza watu wa Likasi, mji wa Kongo, habari za mashine, na nyingi kati ya mashine hizo hakuwahi kuzitia machoni. Kazi ile ilimwangukia tu. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika mtaa wa Panda, na saa za mchana akisoma habari katika redio ndogo ya mtaa, chumba kimoja nyuma ya karakana za zamani. Siku moja mkurugenzi, Mathieu, akauliza ni nani kati yao mwenye kompyuta. Urbain akanyoosha kidole, ingawa alichokuwa nacho ni kibao cha herufi peke yake, alichokinunua sokoni akawa anakifanyia mazoezi mezani, hakina waya wala kioo. Mathieu hakuuliza zaidi. Alhamisi iliyofuata, saa tano asubuhi, kipindi cha Akili ya Mashine kikaanza.

Tusimwonee: alijifunza kwa bidii. Kila jambo alilotaka kulisema hewani alilisema kwanza kwa mkewe, Henriette, aliyekuwa akisonga bukari, ugali wa kwao. Henriette akisema hajaelewa, Urbain alianza upya. Ndiyo maana watu walimpenda, na kwa kuwa walimpenda, wakamletea shida zao. Mama mmoja alitoka Tshangalele, kwenye ziwa, na kapu la samaki, akitaka ile mashine inayojua njia imtafutie mbuzi wake aliyepotea. Urbain alikosa moyo wa kumwambia kwamba mashine ile humjua mwenye simu, na mbuzi hana simu. Akafuatana naye hadi ziwani, wakamtafuta mbuzi kwa miguu, wakamkuta amefungwa kwa jirani. Tangu hapo vijiji vya ziwani vilishika kwamba mashine za Urbain hazikosei.

Kisha likaja jambo la sauti. Mfanyabiashara mmoja, Hakim, alipokea kwenye simu sauti ya binti yake, Aicha, akilia kuwa ni mgonjwa sana. Hakim akaendesha gari mbio hadi Mulungwishi, akamkuta binti ameketi darasani, mzima, anashangaa kumwona baba yake mlangoni. Aliyefanya mzaha ule hakujulikana. Urbain alichukia mno. Wiki nne mfululizo aliwafundisha watu kwamba siku hizi mashine inaweza kuiba sauti ya mtu na kuisemesha lolote, na kila kipindi alikimaliza kwa maneno yale yale: "Sauti haiko muntu. Ukisikia sauti, uliza kwanza mwili iko wapi."

Maneno yakaenea kama methali. Watoto waliyaimba wakiruka kamba. Wanaume walioitwa na wake zao warudi nyumbani kutoka kwenye pombe walijibu kwa maneno hayo hayo kwenye simu, wakaendelea kunywa.

Jumanne moja Urbain alikwenda tena Tshangalele kurekodi mazungumzo na wavuvi, akalala huko, mahali ambapo simu haishiki mtandao. Jumatano adhuhuri, aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yake, aliona turubai limetandwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, na akina mama wa kanisa wameketi chini, miguu wameinyoosha. Mawazo yake yalikwenda kwa mama mkwe wake, aliyekuwa mzee sana. Akavua kofia, akaingia taratibu, akampa pole mtu wa kwanza aliyemkuta, naye alikuwa shemeji yake Dominique. Dominique aliipokea pole ile, akashukuru, akainua macho, kisha akaanguka pamoja na kiti chake.

Uwanja mzima ulisimama. Wengine walikimbilia njiani. Henriette alitoka ndani kwa sababu ya kelele, kitambaa kimefungwa kichwani. Hakupiga yowe. Alimwendea mumewe, akaushika mkono wake wa kushoto, akakipapasa kidole kidogo kilichovunjika utotoni na hakikunyooka tena. Akaketi pale pale mchangani, kidole bado amekishika.

"Ni weye," alisema.

Hapo ndipo akalia, yeye ambaye tangu jana yake watu walikuwa wakinong'onezana kuwa halii.

Urbain akaelezwa. Ujumbe ulikuwa umepita simu kwa simu: Urbain wa redio ameanguka toka juu ya nyumba, amekufa. Mtu fulani akaongeza picha yake, ile ya kwenye ukurasa wa redio, na mwingine akaongeza mshumaa. Mwili, walisema, ungeletwa baadaye.

Alhamisi saa tano aliketi mbele ya maikrofoni, akawasalimu wasikilizaji, akasema kwa utulivu kwamba hakufa. Simu zikaanza kulia. Wa kwanza alikuwa mzee Ibrahim, dereva wa malori, mtu mwenye heshima zake. Alimpongeza Mathieu kwa kununua mashine nzuri namna ile. Inamwiga marehemu vizuri sana, alisema, hata kukohoa inakohoa kama yeye.

Urbain akasema si mashine, ni yeye. Akataja mtaa wake, jina la mke wake, habari ya mbuzi wa Tshangalele.

Akapiga mama mmoja aitwaye Matumaini, muuza vitambaa. "Yote ile Urbain alisemaka mu redio," alisema. "Machine ilisikia, ikashika. Shi ni ye mwenyewe alitufundisha?"

Urbain akapandisha sauti. Akauliza watu hawa wanataka nini, alete cheti cha ubatizo hewani?

"Munaona," Matumaini akawaambia wasikilizaji wengine, kwa huzuni kabisa. "Urbain hakukuwaka muntu wa kasirani."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani hasira yake ilipungua, na kitu kingine kikaja mahali pake. Darasani alikuwa amefundisha mito na milima kwa miaka, na wanafunzi waliisahau kabla ya likizo. Hawa hapa walikuwa wamelishika somo, wakalitumia bila kuyumba, hata lilipowauma. Hakuwahi kupata wanafunzi wazuri kuliko hawa. Akajiuliza pia walikuwa wanamjua kwa kitu gani miaka yote tisa. Kwa sauti. Na sauti, alikuwa amewaambia mwenyewe, si mtu.

Nyumbani kilio hakikuwa kimevunjika. Ndugu waliotoka mbali hawakuona sababu ya kuondoka siku ile ile, chakula kilikuwa kimekwisha pikwa, na baadhi ya wageni, watu wa mtaa wa Kikula ambao Urbain hakuwafahamu, waliendelea kuketi na nyuso za msiba, wakimtazama kwa mashaka. Henriette alikuwa anaosha sahani. Akamwacha mumewe amalize kulalamika habari za Matumaini, kisha akakausha mikono.

"Sasa nani alikufa?" aliuliza.

Urbain hakuelewa.

"Walisema alianguka toka juu ya nyumba. Weye haupandake juu ya nyumba. Basi kuko muntu alianguka."

Kwa siku mbili hakuna aliyeuliza swali lile, hata Urbain mwenyewe. Dominique akapiga simu huku na huku, na kabla ya saa tisa ikajulikana. Karibu na soko la Kikula alikuwako fundi aliyetengeneza redio, jina lake Urbain Kalenga, na kule kila mtu alimwita Urbain wa redio. Jumatatu alipanda juu ya bati la mteja kufunga antena, akateleza.

Urbain alikwenda. Alikuta ua mdogo usio na turubai, benchi mbili, na watu tisa wakikwepa jua kwenye kivuli cha ukuta. Wengi waliomfahamu fundi walikuwa wameiona picha kwenye simu, wakadhani aliyekufa ni yule wa hewani, wakaifuata picha hadi Panda; ndio wale wageni waliokuwa wakimtazama. Mjane, Laure, mwanamke mwembamba mwenye makovu madogo ya moto vidoleni, alimtambua alipotoa pole, kabla hajamwona vizuri.

Alimwambia kwamba mumewe alimsikiliza kila Alhamisi, mikono kazini, akibishana na redio. "Alikuwa anasema unadanganya bantu."

Urbain akauliza alidanganya katika nini. Laure akamtajia moja moja, bila chuki, kama anayetoa salamu alizoagizwa: lile la betri, lile la radi na waya, lile la simu iliyoingia maji kuzikwa katika mchele. Urbain alisikiliza yote. Hakuna hata moja aliloweza kulikana.

Akatoka nje, akampigia Dominique. Jioni haijafika, lori likaingia Kikula na turubai, viti, masufuria, na akina mama wa kanisa waliokuwa wameimba njia nzima. Wale wageni wa Kikula walishuka wa mwisho, wameinamisha vichwa. Laure alipowaona wateja wa mumewe, alisimama akawasalimu kwa majina.

Ijumaa walimzika. Urbain alibeba jeneza upande wa kushoto, na njiani watu walikuwa wakimgusa mkono wa shati, kisha wakiangalia vidole vyao.

Fundi aliacha redio thelathini na mbili zilizokwisha kutengenezwa, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Urbain akatangaza hewani wenyewe waje kuzichukua. Walikuja wawili. Nani angetii mashine? Basi akaanza kuzipeleka mwenyewe, kila Jumamosi, yeye na Laure, redio tatu au nne ndani ya kikapu, wakigonga mlango kwa mlango. Watu walifungua, wakamwona, wakampa maji, wakamuuliza habari za mkewe. Namna hiyo alifufuka, nyumba kwa nyumba, na bado ziko nyumba ambazo hajafika.

Redio ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja wa Shituru, Mama Cathy, aliyekuwa na macho mabovu. Alimwacha Urbain amesimama mlangoni, akaiwasha kwanza kuona kama inafanya kazi. Ilikuwa saa ya marudio ya Akili ya Mashine. Sauti ya Urbain ikajaza chumba, ikieleza jambo fulani kwa uhakika mwingi. Bibi akaigeuzia redio sikio, akamgeuzia Urbain uso, akarudi kwenye redio. Urbain akafungua kinywa ili ajieleze.

"Ngoja," bibi alisema, akimsogezea kiti. "Ikala. Tumusikie kwanza ule."

Laure akaketi mkekani. Urbain naye akaketi, akaweka kofia gotini, akasikiliza.