Leso Iliyopotea Chumbani kwa Mzazi

Mtoto wa dada yangu hakuwa amelia tangu alfajiri, na nyumba nzima ilikuwa inafurahi.

"Mashallah, katulia kama mtu mzima," alisema Shangazi Mwanatumu.

Mimi nilisimama mlangoni, namtazama. Mtoto mchanga, halii hata kutaka ziwa?

Naitwa Lamis. Si msemaji. Mbele ya wakubwa ulimi hunikauka.

Dada yangu Nabiha alikuwa ndani ya arubaini yake ya uzazi, nyumbani kwetu Mji wa Kale. Zamani mzazi aliwekewa makaa chini ya kitanda apate joto. Mumewe, Faiz, akasema makaa yamepitwa na wakati. Akanunua hita ya gesi ya ukutani, na fundi Chonga akaifunga kabla Nabiha hajatoka hospitali.

Haukupita muda, mambo yakaanza.

Nabiha kichwa kikimgonga. Shangazi akitapika. Mimi nikiingia na uji wa pilipili manga, magoti yanalegea. Nikitoka uani, napona.

Halafu ile doti ya leso niliyomnunulia Nabiha Biashara Street ikapotea kipande kimoja.

"Kuna mtu kaichukua," Shangazi akaninong'oneza. "Huyu mzazi kachezewa kwa uchawi."

Ubani ukafukizwa. Mlango ukazidi kufungwa. Nikawa naogopa hata kwenda msalani peke yangu.

Mchana wa siku ile aliyotulia, nikamtekenya mtoto unyayo.

Hakukunja hata kidole.

"Dada Nabiha! Dada!"

Akafungua macho, akanitazama kama hanijui.

Ndipo nikauona moto wa hita. Mwanzo ulikuwa wa buluu. Sasa ulikuwa wa manjano, unachezacheza, na ukuta juu yake umeingia masizi.

Chuoni nilisomea kazi za maabara. Moto wa gesi ukigeuka manjano, unakosa hewa. Na sumu inayotoka hapo haina harufu.

"Shangazi, tufungue dirisha."

"We! Upepo umwingie mzazi?"

"Shangazi, tafadhali, hii hita..."

"Tangu lini una maneno wewe? Leo wajifanya daktari?"

Nikatazama chini, kama kawaida yangu. Chini nikauona ule mkono mdogo, umelegea kama kitambaa.

Nikazima hita. Nikapiga dirisha teke mpaka komeo likang'oka. Nikambeba mtoto.

"Mtoe Nabiha nje!" nikampigia shangazi yangu kelele. Mimi! "Mtoe sasa hivi!"

Shangazi akamkokota Nabiha hadi uani. Mvua ilikuwa inanyunya. Mtoto kimya. Nikampulizia usoni huku nalia. Matone yakamwangukia kwenye paji la uso.

Kimya.

Kisha akakunja uso, akapiga ukelele mwembamba kama wa paka.

Hospitali waliwekewa oksijeni, mama na mwana. Daktari alituambia wazi: tungemwacha mtoto alale hadi jioni, asingeamka.

Tuliporudi, Chonga aliitwa. Akaingia chumbani, akasogeza pazia, akauliza, "Nani kaziba tundu la hewa?"

Akavuta. Ikatoka ile leso iliyopotea, imeviringwa.

"Si nilisema ni uchawi!" Shangazi akaruka.

"Ni mimi," alisema Nabiha kutoka ukumbini, sauti ndogo. "Upepo ulinipiga mgongoni. Shangazi ulisema ukiniingia nitakosa maziwa. Sikujua tundu ni la nini."

Shangazi akakaa chini pale pale.

Chonga akamgeukia Faiz. "Bwana, si nilikueleza? Bomba litoe moshi, tundu liingize hewa, lisizibwe kamwe?"

"Ulinieleza," Faiz akajibu, macho sakafuni. "Nilidhani ni mambo ya ufundi tu."

Chumbani kwa mzazi wanaume hawakai. Na maelezo yote yalibaki kwa wanaume ukumbini.

Ndugu yangu, ukifunga hita ya gesi, mwite fundi anayeijua, na tundu la hewa liache wazi. Lakini zaidi, waeleze wale watakaolala nayo, hata kama hawajauliza. Na ukiona hatari, sema, hata kama sauti inatetemeka.

Siku hizi mtoto analia kutwa kucha. Hakuna anayelalamika. Shangazi humsikiliza, huku dirisha liko wazi.