Mzee Aliyeninyima Marahaba

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, akili zangu timamu, na wallahi sijatia chumvi hata chembe.

Mimi ni mwanamke wa Likoni, mtaa wa Shika Adabu, muuza viazi karai. Mwaka juzi nilishikwa na wazimu wa kupanda baiskeli peke yangu kutoka Busia, mpakani na Uganda, hadi mlangoni kwetu. Majirani walinicheka hadi wakashika mbavu. Mama hakucheka. Kaka yangu, mtoto wake mwingine pekee, aligongwa na lori akiwa juu ya baiskeli, na tangu hapo kila Ijumaa mama hutoa sadaka ya maji kwa ajili yake. Hujaza dumu akaliweka kando ya barabara, kila apitaye anywe. Siku ya kuniaga alinishika mikono akasema, "Nimebakiwa na wewe tu. Nirudie na roho yako."

Basi nikapanda. Sitakuchosha na baridi ya Mau iliyonifanya nivae soksi mikononi, wala upepo wa Voi ulionisukuma kurudi nilikotoka. Siku ya mwisho nilifika Miritini jua likiwa utosini. Pale una njia mbili. Upitie Changamwe ukapange foleni ya feri, au ushike barabara mpya ya Dongo Kundu, inayopita juu ya mikoko kwa madaraja marefu na kukutokeza kwetu. Mama alinikanya tangu utotoni nisipite mahali patupu jua la utosi, kwani ndiyo saa ya majini kutembea. Lakini harufu ya nyumbani nilikuwa nayo puani tayari. Ningengoja nini?

Barabara ilikuwa tupu. Karibu na daraja kubwa nikamwona mzee mbele yangu, kanzu imefifia, kofia kichwani, anaendesha baiskeli kuukuu taratibu. Kwenye kerieri alifunga dumu la maji la manjano, nalo lilikuwa likivuja, tone baada ya tone, likiacha mstari juu ya lami. Limezibwa kwa kipande cha leso nyekundu yenye nakshi ya korosho. Nikajiambia, huyu atafika na dumu tupu.

Sasa wewe unajua tulivyolelewa. Mtu mzima humpiti kimyakimya kama ng'ombe. Nikamfikia ubavuni. "Shikamoo, mzee." Kimya. Nikadhani hasikii, nikapaza sauti. Kimya, hata kunitazama hakunitazama. Hapo niliudhika, sikufichi. Mtu gani huyu anayenyima marahaba, kitu asichokinunua? Wengine wangempita wakaenda zao. Mimi miguu ilikataa. Mbele kulikuwa na mteremko wa kuingia darajani, ule niliokuwa nikiuota tangu alfajiri, lakini nikabana breki, nikateremka, nikasimama pembeni mkono kifuani, nikaita kwa sauti yote niliyobakiwa nayo. "Shikamoo, baba!"

Sijafunga mdomo, lori likanipita. Honi inalia, breki zimekufa. Likamkumba yule mzee mbele ya macho yangu, likaenda likajibana kwenye ukingo wa daraja. Kama ningempita, ningekuwa pale pale kwenye ukingo.

Dereva, mtu wa makamo kutoka bara, akaruka chini akilia. "Siste, nimeua mtu! Si ulimwona? Mzee alikuwa hapa!"

Umesikia? Na yeye alimwona. Tukapiga magoti tukachungulia chini ya magurudumu. Tukainama ukingoni tukatazama maji. Hapakuwa na kanzu, hapakuwa na damu, wala hata spoki moja. Kulikuwa na mstari wa matone tu. Uliingia chini ya lori, ukatokea upande wa pili, ukaendelea juu ya daraja kuelekea Likoni, bado mbichi, kwa jua lile la kukaushia samaki. Na hapo, karibu kabisa na sikio langu, nikasikia sauti tulivu. "Marahaba, mwanangu. Nenda nyumbani."

Utaniuliza kama niliogopa. Niamini, sikuogopa. Nilijiona mdogo sana, na juu ya daraja lile nikalia kwa kushukuru, nisijue namshukuru nani.

Mama nilimkuta amesimama mlangoni. Nilimsimulia yote. Nilipofika kwenye dumu, akanikatiza.

"Lilizibwa na nini?" akauliza.

"Kipande cha leso, mama. Nyekundu, ya korosho."

Akaingia ndani, akatoka na leso yake ya zamani, imechanwa pembe moja. Ilikuwa ni ile ile.

"Niliichana mwenyewe," akasema, "nikazibia dumu la kwanza kabisa la sadaka ya kaka yako. Siku hiyo hiyo dumu halikuonekana tena. Watu wakasema limeibwa. Mimi nikasema, aliyelichukua ana kiu." Kisha akaketi chini kizingitini, akajifunika uso kwa leso ile.

Yule dereva aliacha malori. Mpaka leo hunipigia simu akiniuliza kama kweli sikuona damu, nami humjibu vilevile kila mara. Baiskeli ninayo, na dumu la Ijumaa siku hizi nalijaza mimi.

Nawe utakayepita barabara ile jua la utosi, shika neno langu. Ukimwamkia mtu mzima asikujibu, usinune, na usimpite. Teremka, usimame, ungoje marahaba yako. Huenda bado hajamaliza kukuvusha.