Nyaboke, Mwalimu Aliyewatoa Wasichana Nje

Binti yake alinipigia asubuhi na hadi sasa simu iko mkononi. Nyaboke ameenda. Nyaboke! Kichwa kimesikia, moyo umekataa.

Wengi wenu hamkumjua, mlizaliwa sisi tukiwa tayari wazee. Acha niwaambie alikuwa nani.

Mwanzo wa miaka ya sabini tulifundisha pamoja shule ya wasichana karibu na Nyamache. Mimi hesabu, yeye Kiswahili na P.E., yaani michezo. Tulikuwa wasichana wenyewe, jamani, tumetoka college juzi, tunaishi chumba kimoja.

P.E. siku hizo ilikuwa kichekesho. Msichana akifika Form Two humwoni tena uwanjani. Huyu anaumwa tumbo, yule amesahau nguo, wengine wamekaa kwenye nyasi wanasukana.

Sisi kwenye staffroom tulisema ni wavivu. Nyaboke alienda akaketi nao kwenye nyasi, akawauliza.

Wakamwambia. Vijana wa barabarani wanatucheka tukikimbia. Mama amesema kaptura ni aibu. Niko kwa siku zangu. Mimi huwa wa mwisho kila mara, Mwalimu.

Akashuka Kisii mjini kwa duka la Mhindi mmoja wa vitambaa, akarudi na kitambaa cha buluu begani. Tukashona sketi pana za kufika magotini hadi vidole vikauma.

Kisha akawaambia wachague wenyewe. Netiboli, kuruka kamba, au kutembea tu hadi mtoni na rafiki yako. Mashindano akayaweka kando. Headmistress akamuuliza, "Games bila mshindi?" Akajibu, "Madam, kwanza watoke nje."

Wakatoka. Kelele zao zilikuwa zinanikatiza nikifundisha, na sikukasirika.

Wote walitoka isipokuwa Kemunto. Msichana mwembamba, mpole, wa Form Two. Saa ya P.E. alikuwa anajificha nyuma ya jikoni ya shule.

Nyaboke akamfuata huko, wakawa wanakaa juu ya kuni wakiongea. "Mimi huchoka haraka, Mwalimu," Kemunto alimwambia. "Basi tutaenda polepole," Nyaboke akasema. "Ukichoka, tunakaa."

Na kweli walienda polepole. Term nzima ya kutembea tu. Mwaka uliofuata Kemunto alikuwa kwenye netiboli, na kicheko chake tulikisikia hadi staffroom. Hakuna aliyemlazimisha. Nataka hilo lijulikane.

Siku ile aliyoanguka kulikuwa kumenyesha, uwanja una matope. Kemunto akadaka mpira, akaushika kifuani, akapiga magoti kama mtu anayetaka kuomba. Hakuinuka.

Gari halikuwepo. Nyaboke alimbeba mgongoni, tukapanda kilima kuelekea kliniki ya misheni, mimi nikimshikilia kwa nyuma asianguke. Watu waliokuwa wakichuma chai walisimama kututazama.

Kabla hatujafika nilijua. Mkono wa Kemunto ulikuwa umelegea kwenye mkono wangu. Nikasema, "Nyaboke, mweke chini." Hakugeuka. Akasema, "Tukifika."

Daktari alisema ni moyo. Ugonjwa wa koo wa utotoni uliuharibu, na ungeweza kumwangusha hata akichota maji. Nyaboke alisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Lakini aliniambia anachoka."

Kwenye mazishi baba yake Kemunto alisimama mbele ya kanisa zima. "Huyu mwalimu alimkimbiza mtoto wangu hadi akafa." Nilimvuta Nyaboke mkono tuondoke. Alikataa. Alikaa palepale hadi udongo wa mwisho.

Headmistress akafuta michezo. Saa ya P.E. ikawa ya kushona. Nyaboke alikuwa anasahihisha vitabu akiangalia ukuta.

Mwaka mpya ulipoanza, mama yake Kemunto akaja shuleni na msichana mwingine mwenye sare mpya. Bosibori, mdogo wa marehemu. Wote tulikuwa kwenye staffroom.

"Mwalimu," yule mama akasema, "huyu tangu tuzike amekaa na mimi jikoni. Hachezi, haongei na wenzake. Mtoe nje."

"Mama, siwezi."

"Kemunto alikuwa anakuja nyumbani akicheka. Kabla yako hakuwa anacheka."

"Mama, tafadhali. Usiniombe hiyo."

"Mpeleke kwanza daktari amsikilize kifua. Halafu umtoe. Baba yake hajui nimekuja, na akijua nitamjibu mimi."

Nyaboke alilia mbele yetu sote. Halafu akaenda kumwona headmistress, wakafunga mlango. Alitoka na ruhusa, na sharti aliloliweka yeye mwenyewe: hakuna msichana kugusa mpira kabla ya kusikilizwa kifua.

Wote walipelekwa kliniki, darasa baada ya darasa, kwa miguu, Bosibori wa kwanza, naye akatoka kucheza na wenzake. Wawili walipatikana na moyo mbaya, wakaanza dawa. Hao akawa anatembea nao mwenyewe, polepole.

Alifundisha hivyo hadi kustaafu. Lakini msidanganyike kwamba alipona. Baba yake Kemunto hakuwahi kumsalimia tena; wakikutana sokoni Nyamache mzee alivuka upande wa pili. Nyaboke alikuwa anasimama, anangoja apite.

Nilimwona mwezi uliopita nyumbani kwake Itumbe, amelala, miguu imevimba. Nikamwambia wasichana wako wengi wana wajukuu sasa, na bado wanatembea. Akaniuliza, "Na yule mmoja?" Machozi yalinizidi. Nilimshika mkono tu.

Wazazi, kama una msichana anayejifungia chumbani, usimwite mvivu. Kaa naye umuulize. Akisema anachoka, mwamini, mpeleke akaangaliwe. Halafu toka naye nje.

Nyaboke, dada yangu, sikujibu siku ile kwa sababu nililia. Nakujibu leo: Kemunto alikupenda, na mama yake alijua.

Sasa lala. Lala kwa amani, Mwalimu.