Kipande cha Mafuta cha Mke Wangu

Ijumaa ya pili ya Rajabu, mwaka juzi, baada ya swala ya alfajiri, nilimpoteza mke wangu. Moyo wake ulikuwa umetanuka kupita kiasi, ukachoka. Tulimzika siku ileile, na watoto aliowasomesha Kurani hapa Kawempe walijaa barabara mpaka bodaboda zikasimama. Mimi nina duka la vyombo na sikusoma sana, lakini habari yake nataka niiandike mwenyewe.

Ugonjwa ulianzia mikononi. Pete ya ndoa ilimbana, kisha viatu vikamkataa, kisha taya likatokeza. Wakati huohuo unene wa kiuno na mapaja ukawa unapotea. Nilimuoa akiwa amejaa, na kwetu mke akikonda anayeulizwa ni mume. Shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, akaja kutoka Kansanga na kopo la samli.

"Mkwe, unakula peke yako?" akaniuliza mlangoni, kabla ya salamu.

"Tunakula pamoja, shangazi."

"Basi mkono wako ndio mrefu. Hebu mtazame mtoto wangu. Mikono ya mwanamume, kiuno cha nzige."

Akakaa kwetu akimlisha. Wali kwa samli, matoke kwa samli, hata chai akaitia. Mke wangu alikula bila kubisha, kwa kuwa alikuwa na adabu. Kiuno hakikurudi. Kilichoongezeka ni saizi ya viatu.

Hospitalini daktari mmoja mwanamke alitueleza polepole. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Ya mke wangu ilikuwa na uvimbe, na ilimwaga homoni ya ukuaji kupita kipimo. Mtoto homoni hiyo humrefusha. Mtu mzima harefuki tena, kwa hiyo hupanuka mikono, miguu na taya, na moyo nao huumia. Mafuta ya mwilini huyaamuru yatoe akiba yake, yatumike. Ndiyo maana samli haikukaa.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe nilikuwa natia maji kwenye pakacha," akasema.

Uvimbe ulitolewa kwa kupitia puani. Tundu linalobaki huko ndani huzibwa kwa kipande cha mafuta ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Kabla ya upasuaji daktari alimuuliza mke wangu kama kipande cha mafuta hayo kitakachobaki kinaweza kuhifadhiwa, wanafunzi wa udaktari wakisome. Nilidhani atanigeukia mimi kwanza. Hakunigeukia.

"Kazi yangu ni kufundisha," akasema. "Kama mafuta yangu nayo yana somo, wasome."

Nilimwonea fahari siku ile kuliko siku ya harusi yetu. Shangazi naye, alipoambiwa habari ya tundu, alicheka mpaka akafuta macho. "Samli yangu imepanda cheo. Imefika kichwani."

Kiuno kilianza kujaa tena, na mke wangu akarudi kwa wanafunzi wake. Moyo tu ndio haukurudi ulivyokuwa.

Baada ya matanga shangazi alinikumbusha kile kipande. Kwetu hata kucha na nywele hufukiwa, na yeye aliona marehemu hajazikwa wote.

"Nilimpokea mzima," akaniambia. "Siwezi kumlaza amepungua. Twende tukakidai."

Nilijua neno la mke wangu, na shangazi alilijua pia. Sikubishana naye. Niliona kwamba ule ndio uliokuwa msiba wake, na mimi nilikuwa na wangu. Tukaenda pamoja.

Daktari hakutukatalia. "Ni chenu, jjajja," akamwambia, kama wanavyoitwa mabibi hapa Kampala. "Mkitaka, mtaondoka nacho. Lakini kitazame kwanza."

Kilikuwa kimekatwa chembamba kuliko karatasi na kulazwa juu ya kioo. Kwanza akatuonyesha kwenye hadubini mafuta ya mtu asiye na ugonjwa ule. Seli zilikuwa kubwa, zimebanana kama povu la sabuni. Kisha akaweka kioo cha mke wangu. Seli zake zilikuwa ndogo, na katikati yake kulipita nyuzi nyingi, kama kitambaa kilichoshonwa mara kwa mara mahali palepale.

"Homoni ikizidi, akiba hupungua ndani ya seli," daktari akasema. "Na nyuzi hizi zinaweza kuongezeka, mafuta yakakakamaa."

Shangazi aliketi, akainama pale muda mrefu, mkono mmoja ukishika mtandio usimwangukie.

"Kwa hiyo hakuwa na njaa."

"Hakuwa nayo, jjajja."

"Na huyu mkwe wangu hakumnyima."

"Hakumnyima."

"Basi Kansanga nitakuwa na kazi. Nimemsema kila nyumba."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Mlangoni walikuwa wamefika vijana watatu waliovaa makoti meupe, wakasita walipotuona. Shangazi akawakagua kutoka juu mpaka viatuni.

"Hawa ndio wanaomsoma?"

"Ndio hao," daktari akajibu.

"Wanajua kuwa alikuwa mwalimu?"

"Nimewaambia."

Shangazi akatengeneza mtandio wake. Kisha akasogeza kiti nyuma, akasimama. "Kiache, daktari. Nyie ingieni, mnasimama mlangoni kama wadai."

Msichana mmoja kati yao akaketi pale alipoondoka shangazi, akazungusha kigurudumu cha hadubini taratibu, akainama.