Kidonda Nilichoona Haya Kukitaja

Nilikuwa nikiwaogesha wazee katika nyumba moja ya kuwatunzia, mtaa wa Quakers Hill, huku ughaibuni. Kila zamu niliuliza bila haya nani amepata choo na nani hajapata. Habari za choo changu sikumwambia mtu. Haja ikinijia niliibana, na maji nilikunywa kidogo nisije nikamwacha mzee bafuni peke yake.

Choo kikawa kigumu. Asubuhi moja nikahisi kama nimepitisha kigae cha chupa, na karatasi ikatoka na damu mbichi. Maumivu yakaendelea kupwita hata saa ya chai. Nikadhani ni bawasiri, nikanunua dawa ya kupaka. Wapi! Nikaanza kula kidogo ili nisiende msalani, na hapo ndipo nilipojiharibia zaidi.

"Mama watoto, siku hizi hutaki kuketi. Una nini?" mume wangu akaniuliza.

Nilimweleza nikiosha sufuria, nimempa mgongo. Hakucheka.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Kesho twende kwa daktari."

Daktari, mama wa makamo, alinilaza ubavu akaangalia tu.

"Si bawasiri. Ngozi ya njia ya haja kubwa imechanika. Ukiumia, msuli wa pale unakaza. Ukikaza, damu haifiki vizuri, kwa hiyo kidonda hakifungi."

"Na kansa, daktari?"

"Sioni dalili yake. Ila damu ikiendelea, rudi. Tusikisie."

Aliniandikia mafuta ya kulegeza msuli na unga wa kulainisha choo, akanionya kwamba mafuta yale huumiza kichwa. Kweli, kiligonga hadi nikashika ukuta. Nikawa nayapaka nikiwa nimelala, wala sikuacha. Kila nikitoka chooni nilikalia beseni la maji ya vuguvugu. Ugali nikaupunguza, nikazidisha maharagwe, mboga za sukuma wiki na papai.

Lililobaki lilikuwa kazini. Msimamizi wetu alikuwa mwanamume, tena mdogo kwangu. Nilimfuata ofisini, nikafunga mlango.

"Nina kidonda njia ya haja kubwa," nikamwambia. "Haja ikinijia lazima niende papo hapo. Naomba mtu wa kunishikia kazi kidogo."

Masikio yake yaliiva. "Sawa," akasema. "Ukihitaji, niite mimi mwenyewe."

Na alikuja, mara nyingi, akashika taulo na kubaki na mzee.

Nilipoanza kupata nafuu, tukaalikwa harusi Ingleburn. Nikala nyama kwa wali, nikasahau maji. Kesho yake kidonda kikachanika tena. Nililia bafuni, nikanawa uso, nikajaza beseni nikaanza upya.

Kilichukua wiki nyingi kupona. Daktari alikuwa ameshataja upasuaji mdogo, iwapo dawa zingeshindwa. Nilimwambia nitaukubali ikibidi, lakini kwanza anipe muda. Aliponiangalia mara ya mwisho alisema, "Kimefunga. Maji na maharagwe usiache."

Sijaacha.